Kazi ya Kalamu Ipo Kajiado, Ila Haina Kibao Mlangoni

(Mazungumzo na wahitimu na wazazi wao, Kitengela)



Fikirieni binti mmoja. Jina lake halitatajwa hapa kwa sababu wako wengi kama yeye. Alisomea uandishi wa habari Nairobi, akahitimu. Kodi ya nyumba ikamshinda, akahamia Kitengela. Kitengela nako kukamshinda, akarudi kwa wazazi, ng'ambo ya mji wa Kajiado. Kila wiki hutuma wasifu wake kwa magazeti na vituo vya televisheni vya Nairobi, na kila wiki kimya. Majirani humuuliza mamake, "Si huyu alisoma? Mbona yuko nyumbani?" Swali hilo humuuma mama kuliko bintiye.

Binti huyu anatafuta mlango ulioandikwa "Mwandishi". Kutoka Kitengela, Isinya, Kajiado na Bissil hadi Namanga, milango ya namna hiyo inahesabika. Lakini kazi yenyewe ya kuandika ipo. Ila haina kibao.

Anzeni na ardhi, kwa kuwa Kajiado kila jambo huishia kwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 iliondoa ile ya 1968 iliyoanzisha ranchi za kikundi. Jamii inayotaka kusajiliwa inatakiwa ichague kamati ya watu 7 hadi 15, kisha iwasilishe kwa msajili orodha ya wanachama, kumbukumbu za mkutano na kanuni za kamati. Hayo yote ni maandishi. Wazee wanaweza kukubaliana vizuri kabisa chini ya mti, lakini kumbukumbu zikiwa na mapengo, makubaliano hayo hayana pa kushika. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Anayejua kusikiliza mkutano wa saa nne na kuuweka katika kurasa tatu bila kuongeza wala kupunguza neno, huyo ana kazi.

Njooni kwa vikundi. Kuna kamati za visima, vyama vya akina mama, sako, shule na hifadhi za wanyamapori za jamii upande wa Amboseli. Kila mmoja hutakiwa kuandika ombi la ufadhili, ripoti ya mwaka au barua kwa ofisi fulani. Mara nyingi kazi hiyo huangukia mwalimu mmoja aliyechoka, anayeifanya usiku baada ya kusahihisha madaftari. Ombi likichelewa, kisima hakichimbwi, na wanaotembea kilomita nyingi na mitungi wanaendelea kutembea.

Kuna pia kalenda ya bajeti. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Wananchi wana haki ya kutoa maoni. Maoni yaliyoandikwa vizuri, yenye jina la wadi, shida na pendekezo, ni rahisi kufuatilia kuliko yaliyosemwa hewani yakasahaulika.

Kwa wale ambao moyo bado uko kwenye habari, ishikeni Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ombi la habari kwa ofisi ya umma linapaswa kujibiwa ndani ya siku 21, na raia yeyote anaweza kuliandika, kwa Kiswahili au Kiingereza. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,117,840 katika kaunti hii. Habari zao haziwezi kuisha. Mhariri aliye Nairobi hana mtu Magadi wala Loitoktok. Ukiwa huko, umbali unaokusumbua ndio unaokupa bei.

Sasa lisemwe neno gumu. Vijana wengi wenye shahada hukesha wakiwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo, wanaoziwasilisha kana kwamba ni zao. Kodi hulipwa, hilo halikanushwi. Lakini ni kazi isiyo na jina lako. Baada ya miaka mitatu huna ukurasa hata mmoja wa kumwonyesha mwajiri. Tena ni udanganyifu, na tangu 2022 sheria ya Uingereza inakataza kuuza huduma hiyo kwa wanafunzi wa vyuo vya huko. Anayeweza kuandika insha ya mtu wa London anaweza kuandika andiko la mradi wa kisima cha Bissil, akaweka jina lake chini.

Basi aanzie wapi? Kwanza, ahudhurie mikutano kabla ya kuomba kazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona kwa mgeni asiyemjua. Pili, alinde lugha zake. Anayepokea maneno ya mzee kwa Kimaasai na kuyaandika kwa Kiswahili na Kiingereza bila kuyapotosha ana ujuzi usiopatikana kwa kila mtu. Asiyejua Kimaasai ajifunze, au ashirikiane na mwenzake anayekijua. Tatu, asajili jina la biashara kupitia eCitizen, na akikwama aulize Kituo cha Huduma mjini Kajiado. Kisha ajiandikishe katika mpango wa AGPO, unaotenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Nne, akubaliane malipo kwa maandishi kabla ya kuanza. Kazi ya kwanza anaweza kujitolea. Ya tano asijitolee.

Serikali ya kaunti haiwezi kumwajiri kila mhitimu, na si haki kumwahidi mtu hivyo. Nafasi zinapokuwapo hutangazwa wazi na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, na haziuzwi. Anayewaomba pesa ili awapatie nafasi ni tapeli, hata akiwa jamaa yenu.

Nanyi wazazi, mtoto akirudi nyumbani na shahada, msimfiche majirani wakija. Mpelekeni kwenye mkutano wa kisima, mumpe daftari na kalamu, mseme mbele ya watu, "Huyu ndiye atakayetuandikia." Siku hiyo jirani atakuwa amejibiwa.