Bei ya Punguzo na Haki ya Kurudisha

Somo letu la leo ni juu ya kununua vitu mtandaoni. Tuseme unakaa Ifakara, nawe umeona kwenye simu kibodi ya michezo ya kompyuta, inauzwa Dar es Salaam kwa bei ya punguzo. Je, ikifika mbovu, punguzo limekuondolea haki yako? La.

Sheria ya nchi juu ya uuzaji wa bidhaa yataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Muuzaji akiandika kwamba vitufe vyote vinafanya kazi, navyo havifanyi, hakutimiza ahadi. Lakini akikuambia mapema, "Kitufe kimoja kimekufa, ndiyo maana nimeshusha bei," nawe ukakubali, usilalamike baadaye juu ya kitufe hicho. Tena, kutopenda rangi si sawa na kuletewa kitu kibovu.

Basi fanya hivi. Kwanza, kabla ya kulipa, muulize muuzaji kwa maandishi: atakubali kurudishiwa kwa muda wa siku ngapi, na gharama ya basi atalipa nani? Pili, dai risiti. Tatu, fungua mzigo palepale ofisi ya basi, upige picha, kisha ujaribu kila kitufe siku hiyohiyo.

Muuzaji akikataa haki yako, peleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2003. Ushahidi wako ni risiti, picha na maandishi yenu.

Swali la kujadiliana: Punguzo la shilingi 10,000 lina faida gani, ikiwa kurudisha mzigo kutakugharimu zaidi ya hapo?