Kijiji cha Senema na Kijiji cha Kweli



Senema ni burudani njema baada ya zamu, wala mazungumzo haya hayakukusudiwa kumnyima mtu starehe yake. Lakini askari ana sababu ya pekee ya kuitazama senema kwa macho mawili. Leo yuko Nsambya. Kesho barua ya uhamisho yampeleka Kitgum, Moroto au Bundibugyo, mahali ambapo pengine hajapata kupakanyaga. Je, picha aliyonayo kichwani juu ya mahali hapo imetoka wapi?

Udanganyifu huu haukuanza jana. Katika mwaka 1935 ilitolewa senema ya Kiingereza iitwayo Sanders of the River. Hadithi yake yasemekana ni ya Nigeria, lakini Waacholi wa Uganda wametajwa miongoni mwa makabila yaliyoonyeshwa humo, na kijiji chenyewe kilijengwa Shepperton, kando ya mto Thames, nchini Uingereza. Kwa watengenezaji wake, Mwafrika mmoja alitosha kuwa badala ya mwingine, na ngoma ya hapa ilifaa kuwa ya kule. Mwimbaji mashuhuri Paul Robeson, aliyeigiza humo kama chifu, baadaye aliikataa kazi hiyo, kwa kuwa ilikuwa imegeuzwa kuwa sifa za ukoloni.

Mwaka 1951 ikafuata The African Queen. Sehemu yake ilipigwa hapa kwetu, Butiaba na kwenye maporomoko ya Murchison, ingawa hadithi ni ya Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1914. Mwanzoni kijiji chachomwa moto na wanakijiji wachukuliwa kwa nguvu. Baada ya hapo hatuwaoni tena. Vita vyote vyabaki vya Wazungu wawili katika mashua. Ilhali sisi twajua kwamba vita vile vilibebwa mabegani na Waafrika, askari na wapagazi, na kwamba wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi ni makumi ya maelfu.

Labda msikilizaji atasema kuwa hayo ni ya kale. Basi na tulitazame la karibu zaidi. Mwezi wa Machi 2012 shirika moja la Marekani lilitoa filamu ya nusu saa iitwayo Kony 2012, nayo katika siku 6 ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100. Ubaya wa Kony na kundi lake haubishaniwi na yeyote. Watu zaidi ya milioni moja na nusu waliishi kambini kwa sababu ya vita vile, na wengi wenu mlipoteza ndugu na wenzenu. Lakini ifikapo mwaka 2006 waasi walikuwa wamekwisha kuondoka kaskazini mwa Uganda na kuingia nchi jirani. Filamu ililitaja jambo hilo kwa maneno machache tu, kisha picha zake zikamwachia mtazamaji wa mbali dhana kwamba Gulu ingali yawaka moto.

Mwezi huo huo filamu ilionyeshwa hadharani mjini Lira, mbele ya watu walioonja vita vyenyewe. Walikuja wakitarajia kujiona. Badala yake wakamwona mtengenezaji na mtoto wake mdogo huko Marekani. Wakaona pia jina la mtesi wao likichapwa katika fulana na vikuku. Hasira ikapanda, mawe yakarushwa, na maonyesho mengine yakaahirishwa.

Wakati huo watu wa kaskazini walikuwa na mashaka mengine. Watoto wa Kitgum na Pader walikuwa wakiugua ugonjwa wa kutikisa kichwa. Waliorudi kutoka kambini walikuwa wakigombania mipaka ya mashamba, kwani alama zilikuwa zimepotea na wazee waliozijua walikuwa wamekufa. Hapa ndipo jambo hili linapomgusa askari. Afisa wa polisi aliyefika huko na picha za filamu kichwani angemtafuta mwasi kichakani, ilhali faili lililo mezani pake ni la ndugu wawili wanaotaka kukatana mapanga kwa ajili ya shamba. Angemshuku kila kijana, na kijana anayeshukiwa hampi askari habari. Bila habari, askari ni kipofu mwenye bunduki.

Nasi wenyewe tusijitoe katika lawama. Zimo filamu na michezo yetu ambamo mtu wa kijijini ni wa kuchekwa tu, hajui barabara wala simu. Anayecheka leo aweza kesho kupangwa kuwalinda watu hao hao, na dharau haifichiki mbele ya mwenye kudharauliwa.

Ndugu wasikilizaji, mgeni wa kweli huuliza njia. Ufikapo kituo kipya, kaa na wazee, sikiliza wanawake kisimani na sokoni, jifunze salamu za mahali hapo, nawe ujue nani alilima wapi kabla ya vita. Senema itazame jioni, ukijua kwamba aliyeitengeneza alirudi kwao, na wewe ndiwe utakayeamshwa usiku wanakijiji wapigapo yowe.