Tuwahesabu watu wa treni
Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa vijana, Kalemie

 

Sitakawia. Mimi nilimaliza chuo kikuu, diploma iko nyumbani ndani ya plastiki, kazi bado. Basi nina muda mwingi wa kukaa karibu na reli na kuangalia. Leo nataka kuwaambia kile ninachokiona pale.

Treni ya mizigo ikiingia Kalemie, inua macho uangalie juu ya mabehewa. Utaona mama na mifuko ya mahindi, kijana na bidoni za mafuta ya ngazi, mtoto mgongoni, kuku wamefungwa miguu. Wametoka Kabalo, Nyunzu, Niemba. Wakirudi, wanapanda na ndagala, chumvi, sabuni, nguo. Wakubwa wanawaita wasafiri wa siri. Siri gani, bwana? Mtu ana mifuko mitatu na mbuzi, saa sita mchana, mji mzima unamuona!

Juu ya nini wanapanda huko? Kwa sababu mvua ikinyesha lori linakwama, na ikikauka kuna watu wenye silaha njiani. Treni ya abiria ukiiuliza inakuja lini, kila mtu ana jibu lake. Lakini mahindi hayangoji.

Reli yetu si ya jana. Ilifika hapa kutoka Kabalo mwaka 1915, karibu kilomita 270, mji ukiitwa Albertville. Upande wa pili wa ziwa, reli ya Wajerumani ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka mmoja tu ulitutenganisha. Mwaka 1956 Kabalo ikaunganishwa na Kamina, ndiyo maana mtu wa Kalemie anaweza kufika Lubumbashi kwa reli. Njia ipo. Watu wapo. Tunachokosa ni mtu wa kuwaona hao watu kama abiria.

Na kutokuonekana kunaua. Tarehe 12 Septemba 2019, treni ya mizigo ilianguka Mayibaridi, katika territoire ya Nyunzu. Waziri mmoja Kinshasa alitangaza wafu 50. Baadaye hesabu zilizotoka hapa jimboni zikawa chini sana. Nani alikuwa na haki? Sikilizeni vizuri: treni ya mizigo haina orodha ya watu. Asiyeandikwa akipanda, haandikwi akifa. Machi 2022, Lualaba, karibu na Buyofwe, mambo yaleyale: treni ya mizigo, watu juu. Kwanza wakasema 60, kisha 75. Familia inakwenda kuuliza habari za mtoto wao, na hakuna karatasi hata moja yenye jina lake.

Kila mtu hapa anasema wasafiri wanaongezeka. Hata mimi naona hivyo. Lakini tukienda kwa mkubwa tukamwambia «watu ni wengi», atatuuliza: wengi ni ngapi? Hapo tutanyamaza. Na yeye atasema abiria hawatoshi kulipa treni, mazungumzo yameisha.

Mtasema: tunangoja reli mpya. Wengine wamesikia ya Tanzania, treni ya umeme iliyoanza Juni 2024 kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, Julai ikafika Dodoma, na kabla ya mwaka kuisha ilikwisha beba watu zaidi ya milioni 1. Ni kitu kizuri, lakini ni cha pesa nyingi sana. Mimi nataka tuangalie kile walichofanya kabla. Oktoba 2012, Dar hiyohiyo, walianzisha treni ya kupeleka watu kazini na kuwarudisha. Hawakujenga reli mpya. Walichukua reli iliyokuwapo na mabehewa yaliyotengenezwa upya, wakaweka saa za asubuhi na za jioni. Watu wakaijaza mpaka mlangoni, wakaipa jina la waziri: treni ya Mwakyembe. Kilichowaleta ni saa inayojulikana.

Kwa hiyo tunadai vitu vitatu, kwa SNCC na kwa serikali. Kwanza, kila treni ya mizigo ya njia ya Kabalo ifungiwe angalau mabehewa mawili ya watu. Pili, siku za treni zibandikwe ukutani Kalemie, Niemba, Nyunzu na Kabalo, na ikichelewa, ibandikwe pia. Tatu, kila anayelipa apewe tiketi, jina lake liandikwe. Reli yenyewe inahitaji mbao, kokoto, mikono ya kufyeka majani. Mikono iko hapa, imejaa ukumbi huu.

Na sisi tuanze na kazi yetu. Kwa mwezi mmoja, kila treni ikifika, wawili wetu wawe pale na daftari. Tuandike tarehe, saa, wangapi wako ndani, wangapi juu, wanawake wangapi, watoto wangapi. Msiulize jina la mtu, msipige picha za nyuso, msipande behewa, msikae juu ya reli. Askari akiwafukuza, ondokeni kwa amani, muandike saa mliyofukuzwa. Wenzetu wa Nyunzu wakikubali, wafanye vilevile.

Mwezi ukiisha tutapeleka daftari pamoja na barua, mchana, mbele ya watu wote. Safari hii wakituuliza wengi ni ngapi, tutafungua ukurasa na kusoma.

Daftari la kwanza nimelinunua mimi, hili hapa. Nani anaandika jina lake kwa treni inayokuja?