KUANGUKA KWA WAZEE NGAZINI: MAELEZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI WA SEGESE



Huenda mkashangaa kuhutubiwa habari za ngazi mahali ambapo nyumba nyingi zimekaa chini. Lakini vidato vitatu vya kupandia barazani, au viwili vya mlango wa ofisi, vinatosha kumvunja mzee nyonga. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka; wanaokufa kwa wingi zaidi ni wenye umri uliozidi miaka 60.

Chanzo mara nyingi hakionekani kwa kijana. Fundi akiacha kidato kimoja kimezidi vingine kwa sentimita mbili tu, mguu uliokwisha kuzoea kipimo cha vile vya kwanza hujikwaa. Mzee mwenye mtoto wa jicho haoni ukingo wa saruji iliyo ya rangi moja. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu nazo humtia kizunguzungu anyanyukapo ghafla, hasa usiku aendapo chooni.

Lipo jambo zito zaidi, nami sitalizunguka. Katika mkoa wetu wa Shinyanga vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, hususan wanawake, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Basi mzee akianguka pasipo sababu inayoonekana, wapo wanaokwenda kwa mganga kuuliza ni nani aliyemroga, na jina litajwalo laweza kuwa la jirani, naye mzee. Nyonga haijatibiwa, na mtu wa pili tayari yumo hatarini. Aliyeanguka akashindwa kusimama, au ambaye mguu wake umeonekana kufupika na kugeukia nje, asikandwe wala kuvutwa. Alazwe juu ya ubao, apelekwe hospitali. Kisha jamaa zake warudi kuvipima vidato.

Kuhusu ofisi za umma, bomba la kushikilia mlangoni na chokaa katika ukingo wa kila kidato si mambo ya kusubiri bajeti ya mwaka ujao. Watendaji wa vijiji na walimu wakuu waanze na milango yao wenyewe. Mpaka hapo kazi itakapokamilika, mzee asiyeweza kupanda awekewe kiti chini kivulini, na karani amshukie na daftari lake.