Ayubu Naye Alilia: Msiba, Kadari na Watu wa Quiterajo



Pwani yetu ina maneno yake ya msibani. Anayeingia hitimani humshika mfiwa mkono, husema "kazi ya Mungu haina makosa", kisha hukaa mkekani akanyamaza. Jioni hii, hapa chuoni, nataka kuyatetea maneno hayo, na papo hapo kuyawekea mpaka.

Nitaanzia Quiterajo, iliyo wilaya ya Macomia, jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, karibu na pale mto Messalo unapoingia baharini. Wengi wa wenyeji ni Wamwani, Waislamu, wavuvi na wakulima. Mtu wa Mtwara hapati taabu kuyaelewa maisha yao. Tarehe 5 Oktoba 2017 wapiganaji walivamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, kaskazini yao, na tangu hapo vijiji vya pwani hiyo vikawa vinachomwa moto. Quiterajo ilishambuliwa zaidi ya mara moja. Kama kwamba hayo hayakutosha, tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikatua pwani hiyo hiyo, upepo ukipita kilomita 200 kwa saa.

Misiba miwili, basi, na haifanani. Mvuvi aliyevunjikiwa chombo na tufani hamshitaki mtu. Hulia siku yake, kisha hutafuta mbao, huezeka makuti mapya, hurudi majini. Hapo kukubali ni akili tupu: kugombana na upepo uliokwisha kupita kunamla mtu nguvu anazozihitaji kesho. (Mtaalamu wa tabianchi aliyekaa safu ya tatu tayari anatikisa kichwa. Najua, bahari haikupata joto yenyewe.) Lakini aliyeichoma nyumba ana jina, na silaha yake ilitoka mahali. Kumwambia mwenye nyumba hiyo anyamaze kwa kuwa ni kadari ni kumfanya Mungu mshirika wa mchomaji.

Watu hunijibu kwa kumtaja Ayubu. Washairi wetu walimtungia utenzi, na J.W.T. Allen aliuchapa katika kitabu chake Tendi mwaka 1971. Tunaikumbuka subira yake, tunasahau kwamba alilia. Katika Kurani anamwita Mola wake na kumweleza kuwa dhara limempata. Ni mtu huyo huyo anayesifiwa humo kwa subira. Nabii Yakubu alimhuzunikia Yusufu mpaka macho yakaingia weupe. Katika Biblia Ayubu anabishana na Mungu waziwazi, na wanaokemewa mwishoni ni rafiki zake, wale waliokuja kumpa pole wakiwa na maelezo tayari kwa kila jambo. Kwa miaka mingi nimewasoma vibaya rafiki hao watatu katika kisa hicho, au tuseme tumewasoma vibaya sote: tunawaona wasindikizaji, kumbe kisa kinatuhusu sisi tunaotoa pole.

Pole ya namna nyingine ilionekana Oktoba 2020, mashua za waliokimbia vita Cabo Delgado zilipomiminika ufukweni Paquitequete, mtaa wa wavuvi wa Pemba (Pemba mji wa Msumbiji, si kisiwa chetu cha karafuu). Zilijaa watu, watoto, mafurushi ya nguo. Mwishoni mwa mwezi huo moja ilizama ikiwa imebeba wakimbizi, makumi wakafa. Ilipofika 2021 waliohamishwa na vita jimboni walizidi 700,000, na wengi wao hawakulala kambini. Walilala kwa ndugu, na kwa wasiokuwa ndugu. Nyumba ya familia moja ikachukua familia kadhaa, sufuria moja ikapikiwa wote. Mwenyeji aliyesogeza mkeka wake hakungoja kwanza aambiwe sababu ya vita. Nionavyo, hekima ya kupokea msiba ilikuwa kwake kuliko katika vitabu vyangu vyote. Na wageni wake walisimulia: nani alichinjwa, kijiji gani, usiku gani. Wapo walioyaita hayo malalamiko. Mahakamani yangeitwa ushahidi.

Mji wa Palma, jimboni humo humo, ulivamiwa tarehe 24 Machi 2021. Mwaka huo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliripoti kwamba maelfu waliovuka mto Ruvuma kuja Tanzania walirudishwa Msumbiji kupitia mpaka wa Negomano. Hakuna tufani iliyowarudisha. Walirudishwa kwa uamuzi, uamuzi una ofisi, na katika ofisi za namna hiyo wapo waliosomea vyuo kama hiki. Wao ndio ningependa wawe wa kwanza kuniuliza maswali.