Skrubu za Usahihi Katika Mitambo: Tuanze na Nati

Mitambo mingi inayosogeza kitu kwa mstari ulionyooka, kuanzia mashine ya kukereza chuma hadi pampu ya sindano inayompa mgonjwa dawa wodini, ina skrubu ndefu inayozunguka na nati inayotembea juu yake. Karibu na mwaka 1800 huko London, Henry Maudslay aliiunganisha skrubu ya namna hiyo na gia kwenye mashine ya kukereza, na meno ya bolti yakaweza kukatwa kwa kipimo kilekile tena na tena. Hoja yangu ni kwamba tunaponunua na kutunza mitambo hii tunaikagua skrubu na kuisahau nati, na usahihi mwingi unapotelea hapo.

Tuchukue skrubu ya kipenyo cha milimita 8 iliyoenea kwenye printa za 3D. Ina njia nne za meno, na mzunguko mmoja husogeza nati milimita 8. Mota yenye hatua 200 kwa mzunguko itaisogeza milimita 0.04 kwa kila hatua. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Nati ikicheza milimita 0.2, kila mota inapogeuza mwelekeo hupiga hatua tano za bure kabla mzigo haujasogea.

Kwenye pampu ya sindano jambo hili linagusa uhai wa mtu. Sindano ya mililita 50 yenye kipenyo cha ndani cha takriban milimita 28 hutoa kama mililita 0.6 kwa kila milimita ya mwendo. Dawa ikipangwa kwenda mililita 1 kwa saa, mchezo wa nusu milimita ni dakika 18 hivi ambazo mgonjwa hapati kitu, na pampu inaonyesha kuwa inafanya kazi. Hiyo ni sababu mojawapo ya dawa kusukumwa kwanza mpaka ionekane kwenye ncha ya mrija, ndipo mgonjwa aunganishwe.

Nati hutengenezwa laini kuliko skrubu kwa makusudi, ili iishe yenyewe. Ya shaba nyeusi hubeba mzigo mzito lakini inadai mafuta. Ya plastiki ngumu hufaa mizigo myepesi na sehemu zisizotaka grisi, kama mitambo ya chakula. Iko pia nati ya vipande viwili vinavyosukumwa na springi, ambayo hufuata uchakavu na kuziba mwanya. Lakini tahadhari: kwenye mashine ya kukereza, skrubu huchakaa zaidi upande wa kichwa cha mashine, kwa kuwa kazi nyingi ni fupi na hufanyikia hapo. Ukifunga nati mpya juu ya skrubu hiyo, italegea pale na kubana upande wa pili. Hapo badilisha vyote viwili.

Wengi huuliza kwa nini tusitumie skrubu za gololi tu. Ufanisi wake hufika asilimia 90, na mashine za kasi zinazofanya kazi mfululizo zinazihitaji. Ila hazishiki mzigo. Kwenye mhimili wa wima umeme ukikatika, mzigo hushuka usipowekewa breki. Skrubu ya kawaida yenye mwendo mfupi kwa kila mzunguko hupoteza nguvu nyingi kwa msuguano, na msuguano huohuo ndio unaoushikilia mzigo. Ile ya milimita 8 kwa mzunguko inaweza kuuachia; ya milimita 2, yenye kipenyo kilekile, kwa kawaida huushika, ingawa mtetemo mkali unaweza kuilegeza. Palipo na mtu chini ya mzigo, breki ni lazima kwa skrubu yoyote.

Ufungaji nao una masharti yake. Ncha moja ibanwe kwa beringi zinazohimili msukumo, nyingine iachiwe nafasi, kwani mita moja ya chuma ikipata joto nyuzi 10 zaidi hurefuka takriban milimita 0.12. Na skrubu ikirefushwa mara mbili, kasi inayoweza kuhimili bila kuyumba hushuka hadi robo.

Ombi langu kwa wakuu wa karakana na walimu wa vyuo vya ufundi ni moja: wekeni geji ya saa kwenye kila zamu. Igusisheni kwenye meza ya mashine, sogezeni mbele, rudisheni nyuma, mwandike daftarini ni kiasi gani skrubu imezunguka kabla mshale haujatikisika. Pimeni katikati na kwenye ncha zote mbili, na daftari hilo likae kwenye mashine yenyewe.