Neno "If" na Masharti Yake

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo moja la sarufi ya Kiingereza ambalo huwatatiza hata watu waliokwisha zoea kusoma na kuandika barua katika lugha hiyo. Jambo lenyewe ni sentensi za sharti, yaani zile ambazo ndani yake neno moja hungoja jingine: hili likiwa, na lile litakuwa. Aliye na karatasi na penseli na aziweke karibu. Asiye nazo atumie masikio yake.

Tufikiri kwamba kijana mmoja ameachwa nyumbani, na baba yake amekwenda Tanga kwa kazi. Kabla ya kuondoka, baba alikopa mabati katika duka moja la mjini, na barua zote za duka hilo huandikwa kwa Kiingereza. Sasa mwenye duka ameuliza habari za fedha yake. Kijana ataka kumjibu, "Baba akirudi, atakulipa." Ni maneno matatu tu, wala hapana Mswahili atakayeyatilia shaka. Lakini kijana huyu alifundishwa kwamba -ki- ni "if," basi akaandika: "If my father returns, he will pay you." Kwa sarufi hana kosa hata moja. Walakini mwenye duka akiisoma barua hiyo atashtuka, maana itamwambia kwamba huenda baba asirudi kabisa. Mtoto, bila ya kujua, amemtia baba yake katika hesabu ya wadaiwa waliokimbia. Ilimpasa aandike: "When my father returns, he will pay you."

Sababu yake ni kwamba -ki- yetu huchukua mizigo miwili kwa pamoja. Twaitumia kwa jambo ambalo hapana budi litakuwa, kama tusemapo, "Jua likichwa, tutarudi." Twaitumia pia kwa jambo la shaka, kama tusemapo, "Mvua ikinyesha, hatutakwenda." Asikiaye hupambanua kwa akili yake, wala haoni taabu. Kiingereza hakimwachii asikiaye kazi hiyo. Humtaka msemaji mwenyewe aseme wazi: je, jambo hili lina shaka au halina? Likiwa halina, husema "when." Likiwa linayo, husema "if."

Basi zoezi la kwanza halitaki kitabu. Mchana kutwa, kila utamkapo neno lenye -ki-, jiulize ni ipi kati ya hizo mbili. "Nikipata nauli" ni "if," na wengi wetu twajua kwa nini. "Mwezi ukiandama" ni "when." "Kukicha" ni "when," kwani haujaonekana bado usiku usiokucha. "Mtoto akilia" yaweza kuwa hii au ile, kwa kadiri umjuavyo mtoto.

Iko pia namna ya tatu, ya mambo yaliyo kweli siku zote, na hapo "if" na "when" hukaribia kuwa sawa, na vitenzi vyote viwili huwa vya wakati uliopo. Vitabu vingi hutoa mfano wa maji: "If you heat water to 100 degrees, it boils." Kwa mtu wa Mombasa ni kweli. Lakini juu kabisa ya Kilimanjaro, kwenye kilele cha Kibo chenye mita 5,895, hewa ni nyepesi, na maji huchemka yafikapo kiasi cha digrii 80. Mwenye kupika chai huko ana haki ya kuusahihisha mfano wa kitabu.

Sasa tuangalie wakati. Kwa Kiingereza husemwa, "If it rains tomorrow, we shall stay at home." Mvua yenyewe ni ya kesho, lakini neno "rains" ni la leo. Wanafunzi wengi huandika, "If it will rain," wakidhani kwamba kila jambo la kesho lataka "will." Lakini hebu tukitazame Kiswahili chetu. Mwenye kusema vizuri husema, "Ikinyesha kesho, tutakaa nyumbani." Je, -ta- iko wapi? Iko katika neno la pili peke yake. Basi kanuni ni nyepesi: mahali pasipo na -ta- kwetu, pasiwe na "will" kwao. Kanuni hii hutufaa hata pale ambapo wengine hubabaika. Twasema, "Sijui kama atakuja," na -ta- imo, na Kiingereza nacho husema, "I do not know if he will come." Hapo "if" si sharti, ni swali lililofichwa ndani ya sentensi.

Zoezi tulipendalo kupita yote ni la mnyororo. Watu wakae wawili, watatu au zaidi. Wa kwanza aseme: "If it rains tonight, the river will rise." Wa pili ashike mkia wa sentensi hiyo: "If the river rises, the lorry will not cross." Wa tatu: "If the lorry does not cross, the shop will have no sugar." Na wa nne: "If the shop has no sugar, we shall drink bitter tea." Tazameni jinsi kila mmoja anavyoupokea mkia wa mwenzake na kuuvua "will" yake kabla ya kuufanya kichwa. Asahauye kuivua, hutoka mchezoni. Watoto wakiushika mchezo huu, ni shida kuwatuma maji.

Neno "unless" halitatuchukua muda. Maana yake ni -sipo-, na kukana kwake kumo ndani yake tayari. "Usipokuja" ni "unless you come." Asemaye "unless you do not come" amekana mara mbili, na maneno yake yamegeuka.

Mlima wenyewe uko katika -nge-. Kiswahili kinapenda mizani iliyo sawa: "Ningekuwa na fedha, ningenunua baiskeli." Kuna -nge- huku, na -nge- kule. Ndiyo maana mwanafunzi huandika "would" pande zote mbili: "If I would have money, I would buy a bicycle." Ni tafsiri ya uaminifu, lakini si Kiingereza. Husemwa: "If I had money, I would buy a bicycle." Hapo mtu huuliza, "Mbona 'had'? Hilo si neno la jana?" Ni la jana, naam, lakini fedha inayosemwa ni ya leo, nayo haipo. Kiingereza hurudi nyuma hatua moja katika wakati ili kuonyesha kwamba msemaji amesimama mbali na ukweli. Asemapo "If I have money," bado anatia mkono mfukoni akitafuta. Asemapo "If I had money," amekwisha utoa mkono, ni mtupu.

Na likiwa jambo lenyewe ni la jana kweli kweli, hapana budi kurudi hatua ya pili: "If I had had money, I would have bought a bicycle." Hizo "had" mbili zikifuatana si kosa la mpiga chapa. Hii ndiyo -ngali-: "Ningalikuwa na fedha, ningalinunua."

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Vitabu vya sarufi hufundisha kwamba -nge- ni ya sasa na -ngali- ni ya zamani, lakini katika maneno ya kila siku watu wengi huzichanganya. Mtu husema, "Ungekuja jana, ungemkuta," na kila mtu humwelewa, kwa kuwa amesema "jana." Akiichukua -nge- hiyo hiyo mpaka katika Kiingereza, atapotea njia. Kwa hiyo usiulize silabi, uliza siku.

Na kosa hili si dogo. Tuseme barua imekuja kutoka kwa ndugu aliye mbali, inahusu shangazi yenu. Ikiwa imeandikwa, "If she took the medicine, she would get better," basi shangazi yu hai, anakataa dawa, na huenda mtu mmoja wa kwenu akipanda gari leo akamshawishi. Ikiwa imeandikwa, "If she had taken the medicine, she would have got better," basi wakati wa dawa umekwisha pita, na wasomaji wataanza kuulizana siku ya mazishi.

Masikio nayo yana mtego wao. Waingereza wasemapo haraka hula maneno, na "had" na "would" zote mbili hubaki sauti moja ya d. Utasikia, "If I'd known, I'd have come." Ya kwanza ni "had," ya pili ni "would," na utaijua ya pili kwa "have" ifuatayo. Sikilizeni tena, polepole: "If I'd known, I'd have come." Ningalijua, ningalikuja.

Na "If I were you," yaani ningekuwa wewe, ni masalio ya Kiingereza cha zamani. Waingereza wengi katika mazungumzo husema "If I was," nasi hatugombani nao, lakini katika barua ya heshima na katika mtihani, andikeni "were."

Sasa penseli. Tutasoma sentensi sita, kila moja mara mbili, nanyi mziandike kwa Kiingereza. Ukipanda mapema, utavuna mapema. Kukipambazuka, tutaanza safari. Ningekuwa na ng'ombe wawili, ningemwuza mmoja. Daraja lingalitengenezwa mwaka jana, lori lisingalizama. Mwulize mwalimu kama atafungua shule Jumatatu. Usipofunga mlango, mbuzi wataingia. Majibu tutayasoma katika mazungumzo yajayo. Moja katika hizo haitaki "if" hata kidogo, na nyingine ina "will" mahali ambapo wengi wataogopa kuiweka.